Uliza Mama Povu: Chumvi ikizidi sabuni inageuka maji

Jamani barua za mwezi huu zimejaa mezani mpaka kikombe cha chai nimekiweka chini, na karibia zote zinahusu kitu kimoja japo wenyewe hamjui kama ni kimoja. Kuna neno nitalirudia sana humu, safaktanti, msiogope. Ni kitu ambacho kichwa chake kinapenda maji na mkia wake unapenda mafuta. Maji na mafuta hayaongei, ukimwaga mafuta ya kupikia kwenye maji yanakaa juu yamenuna, sasa safaktanti ndo mshenga, mkia anauchomeka kwenye mafuta, kichwa anakiacha nje kwenye maji, wakijikusanya wengi wanalizunguka tone la mafuta na maji yanaondoka nalo. Washenga hawa wako wa aina nne kutokana na chaji ya kichwa: wenye chaji hasi, wenye chanya, wasio na chaji kabisa, na vigeugeu wenye zote mbili. Haya twende kwenye barua.

Shikamoo Mama Povu. Natengeneza sabuni ya maji ya kuoshea vyombo nauza mtaani kwa madumu. Fomula niliyofundishwa ni maji lita 20, slesi kilo 1, salfoniki lita 1, soda ashi ya kupooza na chumvi nusu kilo. Wiki iliyopita ilitoka nyepesi kidogo nikaongeza chumvi robo kilo, ikawa nyepesi zaidi, nikaongeza robo nyingine, mama sa hivi ni maji kabisa kama ya betri. Nimeuziwa kemikali feki au? – Msomaji, Mbagala

Marahaba mwanangu, na pole. Kemikali feki zipo lakini hii sio kesi yake, hapa mkosaji ni mkono wako na hiyo chumvi. Usijisikie vibaya maana na mimi mwaka wangu wa kwanza kazini niliharibu pipa zima la lita 200 hivi hivi, naongeza chumvi huku nashangaa, supavaiza kasimama nyuma yangu ananiangalia tu hasemi kitu, anasubiri nijifunze.

Iko hivi. Slesi na salfoniki (ukishaipooza, yani kuua ukali wake wa asidi kwa soda) wote ni safaktanti za kundi la chaji hasi, ndo kundi linaloosha karibu kila kitu hapa duniani, sabuni ya unga, shampuu, dawa ya meno. Kwenye maji wanajikusanya vifungu vifungu vya duara, mikia ndani vichwa nje. Vichwa vyote vina chaji hasi kwa hiyo vinasukumana, kila mmoja anataka nafasi yake kama abiria wa daladala. Ukitia chumvi, sodiamu inaenda kuvituliza vile vichwa, wanakubali kubanana, na wakibanana vile viduara vinarefuka vinakuwa nyuzi ndefu kama tambi. Tambi zikivurugana ndo unaona sabuni imekuwa nzito inavutika. Hamna kitu kingine chochote kilichoongezeka humo, ni zile tambi tu.

Sasa tatizo, chumvi ina kilele. Ukikivuka zile tambi zinaanza kuungana matawi matawi na kuteleza moja juu ya nyingine, uzito unashuka tena, ukiendelea kabisa sabuni inakuwa na ukungu na kujitenga. Nusu kilo kwenye lita 20 ni kama asilimia 2 na nusu hivi, wewe ulishafika kileleni au ulishaanza kushuka, halafu ukaongeza mpaka kilo nzima. Tena soda ashi uliyopoozea salfoniki nayo imeshaleta sodiamu yake, hiyo huwa watu hawaihesabu.

Fanya jaribio hili kabla hujamwaga. Chukua glasi moja ya hiyo sabuni iliyoharibika, ongeza maji safi kijiko kimoja kimoja huku unakoroga taratibu. Ikianza kuwa nzito kwa kuongezewa MAJI, basi umepata jibu, chumvi imezidi. Dawa yake ni kutengeneza nyingine bila chumvi kabisa, slesi na salfoniki iliyopoozwa na maji, afu unachanganya na ile mbovu kidogo kidogo mpaka ikae. Na kuanzia leo chumvi iyeyushe kwanza kwenye maji pembeni, tia kikombe, koroga, subiri mapovu yapande juu, angalia, ndo utie kingine. Hali ya hewa nayo ina mambo yake, sabuni iliyo nzito asubuhi yenye baridi inaweza kuwa nyepesi saa nane mchana ndani ya banda la mabati, kwa hiyo ikague ikiwa imeshapoa.

Hujaniuliza lakini nakwambia. Salfoniki ni asidi, ile ya kahawia nzito kama asali iliyoungua, na wateja wengi wanaolalamika kwamba sabuni ya mtaani inawababua vidole wanalalamikia salfoniki ambayo haijapoozwa ikaisha, au kinyume chake, mtengenezaji kazidisha kostiki, ile soda kali ya kuipoozea. Kwa hesabu ya kawaida kilo moja ya salfoniki inataka takriban gramu 130 za kostiki, ila usiniamini mimi wala fomula ya mtu, nunua karatasi za kupimia pH, yani kipimo cha ukali wa asidi, ni bei ndogo, ulenge 7 mpaka 8. Kostiki ndo inatiwa kwenye maji, MAJI HAYATIWI kwenye kostiki, itakurukia usoni. Ukitumia soda ashi badala ya kostiki itachemka povu kama soda iliyotikiswa, hiyo ni hewa ya kaboni inatoka, tumia ndoo kubwa usijaze. Na kama biashara imekua nenda SIDO, shirika la Tanzania la viwanda vidogo, wana mafunzo, usiendelee kuokoteza fomula za kutumiwa kwenye simu.

(Wasomaji wa Kenya mnaouliza ungaroli ni nini, ni hiyo hiyo slesi, jina la biashara tu limeganda kama ilivyoganda Jik kwa kila dawa ya kutoa madoa.)

Mama Povu hujambo? Mimi kuokoa maji hutia sabuni ya unga na softna pamoja kwa beseni moja. Nguo hazitakati vizuri na taulo zimekuwa na utando kama mafuta. Yangu makosa ni gani? – Msomaji, Mombasa

Sijambo mwenzangu. Umewaozesha wasiostahili kukutana. Sabuni ya unga chaji hasi, softna chaji chanya, ukiwaweka beseni moja wanakimbiliana wao kwa wao wanashikana, na nguo hazina mtu tena. Ule utando ndo wao wawili wameganda pamoja.

Softna haioshi kabisa. Kazi yake ni kwamba nyuzi za pamba zikiwa kwenye maji zina chaji hasi kidogo, kwa hiyo kichwa chanya kinang'ang'ania kwenye uzi na mkia wa mafuta unabaki nje unaning'inia, ndo ule ulaini unaousikia mkononi. Kwa hiyo softna ni ya maji ya mwisho kabisa, sabuni ikiwa imeshatoka. Taulo zinyime softna, mkia wa mafuta unakataa maji, utajifuta mpaka uchoke mwili bado umelowa.

Kondishina ya nywele ni ukoo huo huo, soma lebo utaona majina yanaishia na klora‑nanihii, ndo maana tunaosha kwanza kwa shampuu tukasuuza ndo tukaitia. Na zile dawa za kuua vijidudu za jamii ya benzalkoniamu nazo ni chaji chanya, ukipiga deki kwa sabuni ukaacha bila kusuuza ukapitisha dawa juu yake, sabuni inaikamata dawa, sakafu inanukia vizuri na vijidudu vinaendelea na maisha yao.

Kisima chetu maji yake sabuni ya mche haitoi povu, naisugua mpaka inaisha, karai linabaki na ukoko mweupe. Sabuni ya unga inatoa povu kidogo. Sababu nini? – Msomaji, Unguja

Unguja mmekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji yakipita humo yanabeba kalsiamu. Sabuni ya mche ni sabuni ya asili, mafuta ya mawese au nazi yaliyopikwa na kostiki, na ikikutana na kalsiamu inaganda inakuwa ule ukoko. Mpaka kalsiamu yote iwe imeshiba sabuni ndo povu linakuja, yani nusu ya mche wako unalisha mawe. Tia magadi au soda ashi kidogo kwenye maji, acha yatulie, kalsiamu itashuka chini, chota ya juu ufulie.

Za unga zinavumilia zaidi kwa sababu safaktanti yake ni nyingine, inatoka kwenye mafuta ya petroli, hasa hiyo salfoniki ya mwanangu wa Mbagala, na ndani mmeshawekwa soda tayari. Hizi za kutengenezwa Wajerumani walianza nazo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia walipokosa mafuta ya kupikia sabuni, baadae ikaja Tide ya Marekani mwaka 1946 na dunia ikabadilika. Ila zile za mwanzo mikia yake ilikuwa na matawi, bakteria wa mtoni wakashindwa kuzitafuna, miaka ya 1950 mito ya Ulaya na Marekani ikawa inatembea na povu juu kama mtungi wa pombe. Ujerumani Magharibi ikapiga marufuku kuanzia 1964, viwanda vikahamia kwenye mkia ulionyooka na ndo tunaotumia mpaka leo.

Na hilo povu lenyewe mnalitukuza bure jamani. Povu ni hewa. Sabuni za mashine za kufulia zinatengenezwa makusudi zisitoe povu jingi na zinatakatisha, wewe jaribu kutia ya mkono kwenye mashine uone utakavyodeki nyumba nzima bila kupanga.

Mama, wifi yangu kajifungua wiki ya 29. Daktari katwambia mapafu ya mtoto hayana safaktanti ya kutosha, watamwekea. Mimi nimekaa na gazeti lako nimeshtuka, safaktanti si sabuni? Mtoto anawekewa sabuni kifuani? – Msomaji, Morogoro

Hapana mpenzi, hapana kabisa, na nimekujibu kwa simu kabla ya kuandika hapa maana barua kama hii haisubiri mwezi. Sabuni ni mmoja tu wa ukoo, sio ukoo wote. Hii ya mapafu ni mafuta maalum pamoja na protini, mwili wenyewe unaitengeneza, lakini tabia ni ile ile ya kichwa na mkia.

Unakumbuka mifuko ya plastiki kabla haijapigwa marufuku 2019, ukikuta umelowa ndani kuta zimegandana mpaka upulize kwa nguvu? Mapafu ni vifuko vidogo sana mamilioni kwa mamilioni, na ndani vimelowa. Maji yanapenda kujivuta yenyewe, kwa hiyo kila mtoto akitoa pumzi vifuko vinataka kugandana. Safaktanti inakaa juu ya yale maji inayalegeza, vifuko vinabaki wazi, pumzi inayofuata inaingia bila shida. Mtoto tumboni anaanza kuitengeneza kama wiki ya 24 hivi na inakuwa ya kutosha kwenye wiki ya 35 hivi, ndo maana wa wiki ya 29 anapumua kwa kuhangaika, mbavu zinaingia ndani, anakoroma kila akitoa pumzi. Kila pumzi kwake ni kama pumzi ya kwanza.

Hili halikujulikana siku zote. Ni mwaka 1959 daktari mwanamke wa Marekani, Mary Ellen Avery, pamoja na mwenzake Jere Mead, walipoonyesha kwamba watoto waliokufa kwa shida hiyo mapafu yao yalikosa kitu hicho. Agosti 1963 mtoto wa Rais Kennedy, Patrick, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya muda, akafa baada ya siku mbili, baba yake rais wa Marekani na hapakuwa na cha kumpa. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani akatoa taarifa ya watoto 10 aliowawekea safaktanti iliyotoka kwenye mapafu ya ng'ombe, kupitia bomba la koo, na wakaanza kupumua vizuri. Ndo hiyo daktari wenu anayoizungumzia. Zipo zinazotokana na ng'ombe na zipo za nguruwe, kama familia ina swali la dini muulizeni daktari ipi ipo, msinyamaze mkabaki na wasiwasi.

Na kwa wajawazito wanaosoma hapa, ile sindano anayochomwa mama akionekana atajifungua mapema sio ya maumivu, ni ya kuharakisha mapafu ya mtoto yaanze kutengeneza safaktanti yake mwenyewe. Liggins na Howie wa New Zealand walitangaza matokeo yake mwaka 1972. Ukisikia uchungu wiki ya 30 usikae nyumbani kuvumilia, hiyo sindano inahitaji muda ifanye kazi.

Wifi yako mwambie namsalimu, na mambo ya dozi ni ya watu wa wodi sio yangu.

Kwa nini nikipiga mswaki afu nikanywa juisi ya chungwa inakuwa chungu kama kwinini? Na ni kweli SLS inaleta kansa? – Msomaji, Dodoma

SLS ni safaktanti ya chaji hasi, ndugu wa slesi, na iliyomo kwenye dawa ya meno inazima kwa muda sehemu ya ulimi inayoonja utamu, na inaondoa mafuta mafuta ya asili yanayofunika sehemu inayoonja uchungu. Utamu umezimwa, uchungu umefunguliwa, pata juisi yako. Baada ya muda inarudi sawa, kunywa kwanza.

Ya kansa ni ujumbe wa kutumiana tangu enzi za barua pepe za miaka ya 1990, hauna ushahidi. Kukausha ngozi na kuwasha hilo ni kweli, mpaka kwenye maabara wakitaka kupima ngozi inavyowashwa huwa wanatumia SLS kuiwasha makusudi. Ndo maana shampuu za watoto zinachanganywa wale vigeugeu, betaini za mafuta ya nazi, ni wapole zaidi kwa macho. Ukiwa na vidonda vya mdomo vinavyojirudia jaribu dawa ya meno isiyo na SLS, wengine wanasaidika.

Nipo fomu foo, napenda kemia ila baba anasema msichana akasome ualimu wa chekechea, kemia inaishia jikoni. Nimjibuje? – Msomaji, Tabora

Ualimu wa chekechea ni kazi ya heshima usiudharau. Lakini kwa hilo la jikoni mwambie baba habari ya Agnes Pockels, Mjerumani wa Braunschweig aliyezaliwa 1862. Chuo kikuu hakikupokea wanawake wakati ule, yeye kazi yake ilikuwa nyumbani, anapika, anauguza wazazi, anaosha vyombo. Akawa anayaangalia yale maji machafu ya vyombo, kwa nini mafuta na sabuni vinabadilisha uso wa maji. Akatengeneza chombo chake cha bati, akapima uso wa maji unavyovuta kwa kunyanyua kifungo cha nguo kilichokaa juu yake. Kifungo! Alikuwa msichana wa miaka kama 18 hivi, na alifanya miaka kumi bila mtu kumsikiliza.

Januari 1891 akamwandikia barua Lord Rayleigh wa Uingereza, mwanafizikia mkubwa, naye badala ya kuitupa akaipeleka jarida la Nature na ikachapwa Machi mwaka huo huo. Miaka mingi baadae Irving Langmuir alitumia chombo cha aina ile ile kilichoboreshwa, na 1932 akapata Nobeli ya kemia. Agnes mwaka huo huo 1932 akapewa udaktari wa heshima, akiwa na miaka 70. Chuo hajawahi kusoma hata siku moja.

Wewe chuo kipo mlangoni. Faulu tu.

Nanyunyizia dawa kwenye kabichi lakini matone yanajiviringisha yanaanguka chini. Jirani anasema nitie sabuni ya vyombo. – Msomaji, Lushoto

Jani la kabichi lina nta, ndo maana matone yanakaa kama gololi. Jirani wazo lake linaeleweka ila sabuni ya vyombo inaweza kubabua majani, hasa ikitiwa kwa makadirio ya mkono, na kwa maji magumu sabuni zingine zinaganda zinaziba nozo. Nenda duka la pembejeo uombe stika, yani safaktanti ya kuishikisha dawa kwenye jani, nyingi ni wale wasio na chaji, hawagombani na dawa wala na kalsiamu. Soma lebo, kipimo ni kidogo sana, ukizidisha dawa inatiririka yote badala ya kubaki kwenye jani.

Ila bomba lako la kunyunyizia usilioshee mtoni. Safaktanti inaharibu mashavu ya samaki, na hata za asili hazina huruma huko majini. Ethiopia kina mama wengi walikuwa wanafulia kwa tunda la mmea unaoitwa endodi, lina sabuni yake ya asili, na mwaka 1964 mwanasayansi wa huko huko Aklilu Lemma akiwa Adwa akaona kwamba chini kidogo ya pale wanapofulia konokono wamekufa wengi kuliko sehemu nyingine ya mto. Yeye alifurahi, kwa sababu konokono hao ndo wanaobeba kichocho, na endodi ikaanza kuchunguzwa kama dawa ya kuwaua. Wewe ukiosha bomba mtoni hutaua konokono peke yao. Lioshee shambani, mbali na maji, na yale maji ya kusuuzia yanyunyizie kwenye kabichi hizo hizo.